Usubi wa Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia Birmingham miaka ya sitini ikiisha na sabini ikianza, baridi tuliijua kwa jina. Nyumba yetu ya Perry Barr ilikuwa na moto mmoja tu wa makaa ya mawe, sebuleni. Ukiupa mgongo, uso unaganda. Sare za shule tulizivalia ndani ya blanketi, tukanywa uji wa unga wowote Mama aliobahatika kuupata, na hakuna aliyethubutu kununa.

Mama alikuwa nesi. Lakini kabla ya unesi, akiwa msichana kule Nyeri, alifanya kazi kwenye karakana ya kutengeneza nzi wa bandia wa kuvulia trauti, wale samaki wa maji baridi. Nzi hao walisafirishwa kuja kuuzwa huku huku Uingereza. Jumapili baada ya kanisa aliibana ndoana kwenye jiriwa ndogo juu ya meza ya jikoni, akafunga uzi na manyoya, mimi nikimshikia kibiringo cha uzi. "Njeri," alikuwa akisema, "samaki hatazami urembo. Anatafuta alichokula jana."

Mwaka niliotimiza miaka tisa, tuliingia duka la vifaa vya uvuvi pale Kings Heath. Mama akawaona nzi kwenye kabati la kioo, akamwambia mwenye duka kwamba kazi ile anaijua, ameifanya kwa mikono yake. Yule mzungu alicheka hadi akaegemea kaunta.

"Wewe, mama? Basi msimu wa uvuvi unafunguliwa Jumamosi. Njoo ziwani tuone."

Mama akageuka, tukatoka. Njiani alinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma.

Wiki ile hakufunga kingine ila usubi, kile kidudu kidogo kinachoruka juu ya maji. Alinieleza kwamba mapema hivyo, baridi haijaisha, wadudu wengine bado wamelala. Ni usubi tu wanaopanda kutoka matopeni, kwa hiyo ndio trauti wanaowala. Uzi mweusi wa cherehani, waya mwembamba wa shaba tuliouchomoa kwenye redio mbovu, na kishungi cha sufu nyeupe kichwani. Basi.

Jirani yetu Bwana Kartar, Singasinga wa Kisumu, ndiye aliyetupeleka kwa gari lake na kumwazima Mama ufito wa kuvulia. Alikitazama kile kidude kiganjani.

"Mama Njeri, hiki ni chambo ama ni uchafu wa kucha?"

"Ngoja tu," Mama akasema.

Ziwani wanaume walijipanga na nzi wakubwa wanaometameta, mwenye duka akiwa katikati yao. Saa nzima, hakuna kitu. Mama alichota maji kwa kikombe, akayachungulia aone wadudu waliomo, akachagua usubi mdogo kuliko wote. Akarusha, akauvuta mshipi polepole mno, kama anayemwondolea mtoto blanketi bila kumwamsha. Ufito ukapinda. Alipompata samaki wa tatu, mwenye duka alikuja akiburuta mabuti.

"Nani amekufungia nzi hao?"

Mama akanyoosha vidole vyake, vimekufa ganzi kwa baridi. "Hivi."

Mzungu akavua kofia. Mama akafungua mkebe, akampa usubi wawili. Mimi ningemwacha abembeleze kwanza.

Leo nzi huagizwa kwa simu, wakaletwa mlangoni ndani ya bahasha. Wajukuu wangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, eti Shosho, samaki si wako supamaketi? Wako, na wajukuu wangu wanajua mengi kuliko nilivyojua mimi, siwabishii. Ila nawahurumia kidogo. Hawajasimama kando ya maji, pua zikiwachuruzika, wakasikia watu wazima wakiulizana, "Yule mwanamke ni nani?" Mimi nilisikia. Nikajibu kabla sijaulizwa, kwa sauti iliyovuka ziwa zima: "Ni mama yangu!"