Nilisema Kovu ni la Apandisite

Kosa ni langu, ndugu zangu, msihangaike kunitetea. Nilimdanganya daktari, na mwili wangu ndio uliolipa.

Kabla ya kuolewa hapa Kamina nilizaa kule Luena kwa kupasuliwa. Mtoto hakuishi, baba yake akaniacha. Nikapata mume mpya, fundi wa reli, mtu mpole. Lakini mama yake alipenda kusema kwamba mwanamke aliyepasuliwa hajazi nyumba. Alipoliona kovu langu nikamjibu harakaharaka: ni la apandisite, nilitolewa kidole tumbo. Jamani, mdomo huu!

Vita vikatukuta nikiwa na mimba changa, nikaanza kutoka damu. Mama mkwe mwenyewe akanipeleka hospitali. Mashine ya kuangalia ndani ya tumbo ilikuwa imekufa, na treni haikuleta tena vipuri. Daktari alikuwa na mikono yake na maneno yangu tu.

"Mama, hii kovu iko ya nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama palepale, ameshika kitenge changu.

"Iko ya apandisite, docta."

Basi akaamini ni mimba ya kawaida inayoharibika, akaanza kunisafisha kizazi. Ee Mungu wangu, ile damu! Haikusimama. Ikabidi wanifungue tumbo na kutoa kizazi chote ili nipone.

Nilipoamka daktari alikuja peke yake. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Apandisite haiachake kovu mu kizazi, mama. Mimba ilijishika palepale balikupasula zamani. Ungenielezea, singekwangua pale."

Jioni nikamweleza mume wangu yote, nikilia. Akanifuta machozi.

"Miye nilijua kitambo. Kaka yako aliniambia mbele ya kukuoa. Nilikuwa nangoya weye mwenyewe useme."

Alijua! Nilimficha mtu ambaye hakuwa na neno na kovu langu. Tuko naye mpaka leo, wawili tu ndani ya nyumba, na mama yake haulizi tena habari za wajukuu. Nimechoka, hata machozi yamechoka.

Dada yangu unayesoma, kama uliwahi kupasuliwa na mimba mpya inakuletea damu au maumivu, sema mapema. Daktari akiuliza kuhusu kovu, mwombe mama mkwe atoke nje kwanza. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira yake itapita, na wewe utabaki na kizazi chako.