Stroberi Alizokataa Kuonja Yusta

Yusta alikuwa akisema hajawahi kufundishwa na mtu kupanda kitu, na hakuna aliyembishia. Kitongoji kizima, kule milimani juu ya Kilosa, kiliijua bustani yake. Sikukuu ya mavuno ikifika, kapu la kwanza kupelekwa mbele ya madhabahu lilikuwa lake, na mama mwingine akijaribu kumtangulia alitazamwa mpaka akarudi nyuma mwenyewe.

"Mimi nikichomeka hata mwiko unashika," alikuwa akitamba.

Sasa mtu wa namna hiyo akaletewa wifi. Elikana, mdogo wake wa kiume, alikuwa mpishi katika hoteli moja Mikumi na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mkewe, Gaudiosa, alimtoa Morogoro mjini: Mkatoliki, mpole, kucha zimepakwa rangi. Mwaka wa kwanza alishika jembe akiwa na kandambili, akalima mistari mitatu, malengelenge yakamjaa viganjani. Mwaka ule Yusta alimpenda sana wifi yake. Alimpelekea mchicha, alimpelekea nyanya chungu, alimwita "mdogo wangu". Hakuwa na cha kumwonea wivu.

Halafu Elikana akaja na miche sita ya stroberi ndani ya mfuko wa mchele. Mtunza bustani wa hotelini alikuwa amempa, pamoja na maelezo. Gaudiosa akayashika maelezo yale, akaongezea na video za kwenye simu, akatengeneza kitalu kidogo nyuma ya jiko, akatandaza nyasi kavu, akamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa matundu. Yusta alichungulia kupitia uzio wa minyaa uliotenganisha nyumba zao, akacheka mpaka akajishika mbavu. Bustani ya kukaa umechuchumaa! Ungesema anaogesha vifaranga.

Kicheko kilikatika mwezi wa tatu, mama yao alipougua malaria.

Bibi Debora alikuwa na miaka themanini na ushee, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho kiasi cha kuona vivuli tu. Aliishi kwa Elikana, kama ilivyo ada mama kukaa kwa mwanawe wa kiume, lakini uji wake wa asubuhi ulitoka kwa Yusta, kila siku, mwaka wa tatu huo. Wawili hao walizungumza Kikaguru. Lakini na mkwewe, bibi alizungumza Kiswahili, kwa sababu Kikaguru kilikuwa kimemshinda Gaudiosa.

Homa ilipopoa, mdomo wa bibi ulibaki mchungu. Uji wa Yusta akausukuma. Mlenda akausukuma. Kuku wa kuchemsha, aliyechinjwa kwa ajili yake peke yake, alimlamba kidogo akageukia ukutani. Siku ya nne Gaudiosa akaingia na kisosi chenye stroberi nne. Bibi akala moja. Akala ya pili. Akamaliza zote, akapapasa kisosi kwa vidole kutafuta nyingine.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "umenirudishia mdomo."

Yusta alikuwa amesimama pale pale mlangoni, bakuli la uji mkononi, uji unapoa. Roho ilimuuma mpaka akasikia joto masikioni. Miaka mitatu ya uji, na anayeitwa mwanangu ni yule! Gaudiosa akamgeukia na kumnyooshea kisosi kingine.

"Dada, na wewe onja."

"Sili vitu vya wazungu," Yusta akajibu.

Tangu siku hiyo stroberi zikamkalia kooni bila kuzila. Kila asubuhi alimkuta mama yake akiulizia kisosi kabla ya uji. Gaudiosa alimwambia zaidi ya mara moja, "Dada, nitakupa miche, nitakuonyesha na namna ya kuipanda," na kila mara Yusta alijibu kwamba ana kazi. Afundishwe kupanda, yeye? Na nani, wa kandambili?

Lakini miche aliitaka. Usiku na mchana alijiona akiingia kwa mama na kisosi chake mwenyewe. Basi Jumapili moja, Gaudiosa alipokwenda kusali kigangoni, Yusta akasingizia kwamba mguu unamuuma, akakosa ibada kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe. Mguu ukapona mara moja. Akapenya kwenye minyaa, akachuchumaa kitaluni. Stroberi zilikuwa zimetoa vikamba vinavyotambaa chini, kila kikamba na mche mdogo mwishoni. Akakata vinane, akavifunga kwenye kanga, akarudi kwake akiwa anatweta.

Akavipanda kama anavyopanda kila kitu kinachotambaa. Kwa watu wa huku, kinachotambaa ni marando ya viazi vitamu: unainua tuta, unalaza rando, unalifukia vizuri, unakanyaga kidogo, Mungu anafanya yaliyobaki. Yusta akainua tuta zuri mno, akafukia miche yote, moyo na kila kitu, zikabaki ncha za majani zimechungulia juu. Akakanyaga kidogo.

Mvua ikanyesha siku sita. Majani yakawa meusi. Alipofukua, mitano ilikuwa imeoza, inanuka.

Hasira zake zote alizipeleka upande wa pili wa uzio. Aliamini kabisa kwamba wifi yake ana siri, kwamba miche ile ilishawekewa kitu isimkubali mtu mwingine. Siku hiyo alipita mbele ya Gaudiosa bila kuitikia shikamoo yake, jambo ambalo huku hufanyiwa mchawi au mwizi. Mwizi alikuwa nani, hilo hakutaka kulifikiria.

Kesho yake, akiwa anapalilia, alisikia sauti ya Gaudiosa ng'ambo ya minyaa, kubwa kuliko kawaida yake.

"Siyo kama viazi, mama Raheli! Mizizi tu ndiyo inafukiwa. Ule moyo wa mche, pale majani yanapochipukia, uwe juu, uone jua. Ukifukia moyo unaoza. Na ile iliyobaki mizima unaweza kuiinua bado!"

Yusta akaacha jembe. Akapanda juu ya kigoda, achungulie huyo mama Raheli anayefundishwa. Hapakuwa na mama Raheli. Alikuwepo Gaudiosa peke yake na kuku mmoja.

Basi alikuwa anajua! Alihesabu miche yake, akachungulia na tuta la Yusta, akajua, na badala ya kuja kumtukana kama watu, anamfundisha kwa kupitia kuku! Yusta aliona ni afadhali angetukanwa. Lakini mikono yake haikungoja afadhali yoyote: jioni hiyo hiyo iliinua miche mitatu iliyobaki, ikapandisha mioyo juu, ikatandaza nyasi kavu.

Mwezi wa nane, matunda tisa yakaiva. Yusta hakuonja hata moja. Alisubiri siku ya gulio, Gaudiosa ameshuka sokoni katika kijiji cha Ulaya kule bondeni, akayapanga kwenye kisosi, akaingia chumbani kwa mama yake kimya kimya ili amshtue kwa furaha. Akamwekea la kwanza kiganjani.

Bibi akala taratibu, moja baada ya jingine. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Ahsante, Gaudiosa. Za leo zimezipita zote ulizowahi kuniletea."

Zote! Moyo wa Yusta uliruka. Akafungua mdomo aseme kwa Kikaguru, mama, ni mimi. Lakini bibi alikuwa tayari ameinama kumnong'oneza.

"Hizi mbili za mwisho mpelekee wifi yako. Usiseme zinatoka wapi, atakataa. Yule mwanangu ndivyo alivyo tangu mdogo, mwenzake akisifiwa, chakula hakishuki. Lakini ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani mwaka ule wa mafuriko. Sijawahi kumwambia, ila kila uji wake nikiunywa naukumbuka mgongo ule."

Angesema ni yeye, mama angeona aibu. Angenyamaza, ushindi ungekuwa wa Gaudiosa.

"Sawa, mama," alijibu kwa Kiswahili, akiipunguza sauti iwe nyembamba kama ya wifi yake.

Akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akala zile mbili. Zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu hasa, na kulikubali hilo kulimuuma.

Mchana Gaudiosa akarudi na kapu kichwani. "Shikamoo, dada. Mama amekula?"

"Marahaba," akaitikia Yusta, akifuta midomo. "Amekula. Amekusifu sana."