Nafasi ya Kumi na Mbili

Hospitalini walimwita Mama Amri, na kichekesho ni kwamba hajawahi kumwamrisha hata paka. Jina lilitokana na kazi yake. Wenzake wa ofisi ya kumbukumbu walifungua kurasa zenye picha na vitufe vya rangi. Yeye alifungua kidirisha cheusi, akaandika amri ya mstari mmoja, akabonyeza, na ombi lake likaenda moja kwa moja kwenye seva, ile kompyuta inayotunza orodha zote za wagonjwa. Seva ilimjibu kwa maandishi matupu. "Nataka kuongea na mwenye nyumba," alizoea kusema, "si na mlinzi wa getini." Miaka kumi na moja ameongea naye hivyo, juu ya kiti chenye mguu uliofungwa waya.

Jumatatu moja alikuwa na kazi ndogo tu. Daktari wa macho hufika pale kila baada ya miezi mitatu, na Alhamisi hiyo angewapasua watu kumi na wawili wenye mtoto wa jicho. Mama Amri aliiomba orodha, ikamwagika dirishani. Nafasi ya kumi na mbili alikaa mgonjwa asiyekuwepo duniani! Mafundi waliounda mfumo walimwandikisha kwa majaribio wakamsahau, naye akapanda foleni polepole kama binadamu. Wa kumi na tatu alikuwa mzee mmoja, fundi cherehani, aliyesubiri miezi kumi na minne. Wa kumi na nne, mama mzazi wa Mama Amri.

Akaandika: futa aliye nafasi ya kumi na mbili. Simu ikalia. Alikuwa mama yake, anaanza habari za mjukuu aliyezaliwa miezi minane iliyopita. "Leo kacheka kwa sauti, mwanangu. Sauti naijua, harufu naijua. Sura tu ndiyo bado." Mama Amri akabonyeza huku anacheka naye. Dirisha likanyamaza kimya. Basi kidole kikaenda chenyewe kwenye mshale wa juu, ule unaorudisha amri ya mwisho, akabonyeza tena.

Jamani, mtu wa miaka kumi na moja! Anajua fika kwamba seva ikishafuta haina la kusema, na kimya chake maana yake ni tayari. Yeye mwenyewe huwafundisha hilo wanafunzi wa mafunzo kazini, siku ya kwanza. Lakini mazoea yana tabu, na maongezi ya mama ni matamu.

Saa sita kamili mfumo huwatumia ujumbe walioingia kwenye kumi na wawili. Saa sita na dakika mbili simu ikalia tena.

"Nimeitwa!" mama yake akapiga kelele. "Alhamisi! Mkwe kanisomea ujumbe, nimeshawaambia majirani wote!"

"Hongera, mama," akajibu, huku anahesabu. Kumi na nne ukitoa mmoja ni kumi na tatu. Wa kumi na tatu haitwi.

Alirudi kwenye kidirisha akaomba orodha upya. Fundi cherehani hayumo: alikuwa amepanda nafasi ya kumi na mbili, na amri ya pili ikamfuta yeye. Akapandisha dirisha juu hadi jibu la asubuhi, na taarifa za mzee zilikuwa pale zote, mpaka namba ya simu. Akazinakili, akazituma. Seva ikazipokea vizuri, ikampa mzee nafasi ya themanini na saba, mkiani, kama aliyejiandikisha leo. Kumrudisha mbele kulihitaji ruhusa ya sista wa chumba cha macho.

Akakaa. Nani angejua? Seva huandika kila amri inayoingia, ndiyo, lakini msomaji pekee wa maandishi hayo alikuwa yeye mwenyewe. Na mama yake hakuiba, kaitwa. Mama Amri alilitaka jambo hilo, kunyamaza tu, tusimsingizie utakatifu. Alilitaka kwa roho yake yote, mpaka chai ikapoa mbele yake. Kisha akaitazama tena ile namba ya simu ya mzee asiyemjua, akainuka.

Sista alimsikiliza bila kuacha kukunja shuka.

"Nikimrudisha fundi, anayeshuka ni mama yako. Unajua?"

"Najua, sista."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nakwambia wewe."

Sista akaweka shuka chini, akaandika ruhusa, akatia sahihi. "Nenda kabla sijakuonea huruma," akasema.

Jioni alimkuta mama yake nyumbani kwa mkwewe, mama wa yule mtoto, ameketi kitandani, amempakata mjukuu, gauni la Alhamisi limeshapigwa pasi. Akamweleza yote, kuanzia mgonjwa wa uongo mpaka mshale. Mama akanyamaza, na kimya hicho Mama Amri hakukijua maana yake.

"Ungeniambia kabla sijawaambia majirani," mama akasema hatimaye, kwa hasira. "Sasa nitawaambia nini? Ah! Na wewe ulipobonyeza mara ya pili, akili ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa naongea na wewe, mama. Habari za mtoto kucheka."

Mama akamweka mtoto vizuri mapajani. "Basi tumemkosea wote wawili," akasema. "Fundi cherehani, masikini. Sindano anaitungaje?"

"Haitungi. Kwenye taarifa zake wameandika ameacha kazi."

"Amerudi kwenye nafasi yake?"

"Amerudi. Ya kumi na mbili."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akapitisha vidole usoni mwa mtoto, paji, pua, mashavu, akafika mdomoni, na kidole kikang'atwa na fizi tupu.

"Miezi mitatu," akasema. "Basi atakuwa na meno. Nitayaona."