Mwema wa Jumamosi

Mjomba wangu alikuwa na ukumbi wa video Kizota, katikati ya magereji na mafundi wa kuchomea vyuma, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa ukumbi ule. Siku hizo biashara ya nje ndiyo kwanza imefunguliwa. Mikanda ilikuwa ikiingia mjini kwa fujo, lakini iliingia na lugha za kwao. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo yangu, nikawaeleza watu nani kasema nini. Kihindi nilikiokota kwenye mikanda hiyo hiyo: maneno kama thelathini, mengi ya mapenzi na machache ya matusi. Palipopungua nilijaza mwenyewe. Hakuna aliyelalamika, maana aliyejua zaidi yangu hakuwepo.

Kisha bibi yangu akaja kutoka kijijini kwake Busi kutibiwa macho, akakaa nasi nyumbani Ipagala wiki tatu. Picha aliiona kama kivuli tu. Alichofuata ukumbini ni mdomo wangu, na aliamini kila neno. Kila aliyepita barazani kwetu aliambiwa, "Huyu binti anajua Kihindi. Kajifunza mwenyewe." Niliacha waamini hivyo. Sifa ni tamu, na nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Jirani yetu mmoja alikuwa mama kutoka kusini mwa India, mumewe mhandisi wa visima. Alimwazima mjomba filamu ya kwao, ya siasa, mikanda miwili. Alitueleza kwamba hadithi yake ilitoka kwanza kwenye gazeti la kila wiki, kipande kwa kipande, na mama yake alikuwa akivikata vile vipande na kuvishona kwa uzi hadi vikawa kitabu. Tulimwelewa upesi. Nasi tulikuwa na magazeti yetu ya hadithi, na nusu ya Kizota iliishi kwa neno "itaendelea". Kwa hiyo mjomba akaamua kwamba mkanda wa kwanza uoneshwe Jumamosi na wa pili Jumapili, watu wapate hamu.

Jumamosi mwenye mikanda hakuja, mtoto wake alikuwa na homa. Nilishukuru kimoyomoyo, kwa sababu waigizaji walipofungua vinywa tu nilijua nimekwisha. Kilikuwa Kitamil, lugha ya kwao jirani yetu. Katika maneno yangu thelathini halikupita hata moja.

Nikafanya nililoweza, nikatazama nguo. Palikuwa na mzee wa msuli mweupe na shati jeupe, kitambaa begani, kila mtu anamwinamia. Kwetu mtu wa hivyo ni mtu wa swala tano, anayeitwa kusuluhisha ndugu waliogombania shamba. Na palikuwa na kijana wa ndevu, kakunja msuli magotini, anapayuka sokoni. Basi nikampa mzee wema wote, kijana nikampa uhuni wote. Mzee alipofoka kwenye simu, nikasema anawahimiza madaktari wamtibu yatima. Pindo la msuli wake lilipotoka wekundu likawa la kijani, nikasema kaenda kwa fundi cherehani. Watu walilia. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia aliyekaa naye, "Mjukuu wangu huyo."

Jumapili alasiri jirani yetu akaingia, akampa bibi shikamoo, akakaa benchi la mbele. Niliomba umeme ukatike, na siku hiyo ukagoma kukatika.

Haikupita robo saa mzee wa msuli mweupe akaagiza vibanda vya sokoni vichomwe moto, na aliyekuwa akiokoa watoto ni yule kijana wa ndevu. Ukumbi mzima ukanigeukia. Fundi mmoja akauliza, "Dada, huyu si ndiye wa mayatima?"

Nilimtazama jirani yetu. Kajifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Nikamtazama bibi. Alikuwa amekaa wima akingoja jibu langu, na ule uso wake wa kujivunia ndio ulionimaliza. Uongo mwingine ningeupata, akiba nilikuwa nayo. Lakini niliona aibu kumdanganya mtu asiyeona.

"Jana niliwadanganya," nikasema. "Lugha hii sijui hata neno."

Waliguna, wengine wakacheka. Mjomba alishika kichwa. Bibi aliinamisha uso, na hilo liliniuma kuliko miguno yote. Nikamkabidhi jirani yetu fimbo. Naye, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, akatueleza kwamba kwao nguo nyeupe ni vazi la wanasiasa, na rangi ya pindo ni rangi ya chama. Mzee hakwenda kwa fundi. Alikuwa amehama chama. Hapo watu walicheka hadi benchi moja likaanguka, maana vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia kwetu, na wazee wetu wenyewe walikuwa wameanza kuchagua mashati kwa tahadhari.

Mwishoni mzee akashinda uchaguzi, akavikwa mashada ya maua. Ukumbi ukanuna. "Hata mama yangu alikasirika," jirani yetu akasema. "Kipande hicho cha mwisho hakukishona."

Ndipo bibi akakohoa. "Mbona mimi sioni aliyekosea? Jana alikuwa mtu mwema. Leo amekiona kiti."

Kicheko kilianzia kwa mafundi kikamfikia hata mjomba. Jirani yetu alisema tamati hiyo ni nzuri kuliko ya mwandishi mwenyewe, akamshika bibi mikono yote miwili. Mimi nilipumua kama niliyetuliwa gunia.

Njiani nilimshika bibi mkono, nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila ukija Busi, Kihindi unakijua. Habari nimeshaituma na lori la alizeti, na lori silirudishi."