Mbuzi wa Raba ya Pampu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na hadi leo uso unanichoma: siku tuliyofungua kisima chetu huku nyuma ya Emali. Nilikuwa kijana, mweka hazina wa kikundi, kalamu haitoki mfukoni hata nikienda kuchunga ng'ombe.

Serikali ilituchimbia kisima, ikaweka pampu ya mkono, ikatuambia matengenezo ni yetu. Kila nyumba ikatoa kitu. Susu, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa na mbuzi wawili, akauza mmoja. Pesa hizo zilikuwa za kununua raba ya pampu, maana raba huchakaa.

Kisha tukasikia mgeni mkubwa anakuja kukata utepe. Basi nikakodi hema na viti, nikashonesha sare, nikanunua mchele na soda. Aliyeniuliza habari ya raba nilimjibu kwamba pampu bado mpya, na pesa ya kikundi haina mwenyewe. Mgeni alikaa nusu saa, akala, akanitaja kwa jina. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Kiangazi kikaja, raba ikachakaa, pampu ikawa inavuta hewa tupu. Jioni moja nikamwona susu akitoka mtoni, walikokuwa wakifukua maji mchangani, mtungi mgongoni na kamba imembana kwenye paji la uso. Niliona aibu mpaka nikalia.

Hakunigombeza. Alimfungua yule mbuzi wa pili, akanipa kamba mkononi.

"Wa kwanza mlimla mkipigiwa makofi," akasema. "Huyu ni wa raba. Usimfunge utepe."

Nilimpeleka sokoni peke yangu, na njia nzima sikuweza kumtazama.

Sasa wewe umepata kazi ofisi ya kaunti huko Wote, na mimi nafurahi kupita kiasi. Lakini binadamu ni binadamu: kufungua kunapendeza, kutunza hakupigiwi makofi. Watakuletea karatasi za hema na sare, na ile ya raba itakuwa chini kabisa. Itafute, uishughulikie kwanza. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukimsikia mtu akisema pesa ya serikali haina mwenyewe, mwambie mwenyewe yupo, ni susu wa mtu, na hana mbuzi mwingine wa kuuza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mzito kwenye sherehe na mwepesi kwenye maji. Ukija Jumapili, pitia kisimani unywe; pampu ya susu bado inavuta.