Pua na Tope Lisilonuka

Maabara nzima tulimwita Pua. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alipima tope linalochimbuliwa kwenye ziwa la chumvi kando ya bahari, na kabla mashine haijawashwa alikuwa keshanusa na kutoa hukumu. Likinuka mayai viza, bovu. Lisiponuka, zima. Hakuwa amekosea hata mara moja, nasi tukamwachia kiburi chake, wajinga sisi.

Tope la mwezi huu halikunuka kitu. Majibu yalitaka siku tisa, lakini dada yake alikuwa na ua unaotuama maji, akitafuta udongo wa kuujaza. Pua akamwambia, "Chukua, dada. Safi hilo, nimelinusa mwenyewe."

Leo karatasi imetoka. Madini ya risasi, sumu inayolemaza akili za watoto, mara sita ya kiwango salama. Akarudia kipimo mara tatu. Namba ile ile. Risasi haina harufu! Hilo wanafunzi hufundishwa siku ya kwanza, na mwalimu wao ni yeye.

Akampigia dada yake simu, nami nimesimama ubavuni.

"Dada, watoto wasiliguse lile tope."

Dada akaangua kicheko, nikamsikia wazi. "Wasiliguse? Wiki nzima pacha wangu hawatoki uani! Wanafinyanga maandazi ya tope, wanayanusa kama mama mdogo wao, wanasema 'safi hili', halafu wanaonja."