Taji Kitini

Leo sokoni Mbinga nimenusa magunia ya kahawa, nikarudi kimawazo utotoni, uwanja wa kanisa, mbele ya pazia la magunia kama hayo. Kila mwaka baada ya mavuno wakubwa waliigiza mchezo wa kale wa mfalme aliyefukuzwa kwake, na aliyeigiza mfalme alikuwa baba. Mwaka wa vita alikuwa jeshini. Hakuna aliyekubali kuvaa taji lake; walisema ni kumrithi mtu aliye hai. Wakaliweka kitini, wakazungumza nalo, wakanyamaza kila alipopaswa kujibu. Maneno yake niliyajua, maana alijifunzia jikoni kwetu. Nikaanza kujibu. Mama akanifunika mdomo.

“Mwache baba yako ajibu mwenyewe.”

Nikakitazama kiti. Maneno yale ninayo mpaka leo, yote, yakimsubiri baba.